Nyuma Yangu Hapakuwa na Mtu

Shingo yangu ilivunjika Alhamisi mchana, na Jumapili yake niliimba kwaya. Nalitanguliza hili kwa sababu, kama wewe ni mzazi, au mwalimu, au msichana ambaye wenzako wanakuinua juu ya mabega yao, na una nafasi ya kusoma mistari michache tu, basi soma hii: shingo inaweza kuvunjika, na mwenye shingo akasimama, akajifuta vumbi, akacheka, akarudi nyumbani kwa taksi.

Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumefika Durban kutoka Bukavu, mimi Riziki, mdogo wangu Faida na wazazi wetu, tukapata chumba katika fleti ya mtaa wa Umbilo tuliyoishi pamoja na familia nyingine ya Wakongo. Papa, ambaye kwetu alikuwa mwalimu wa hesabu, alilinda magari ya watu mjini. Mama alisuka nywele saluni. Mimi shuleni nilikuwa yule msichana anayenyamaza, kwa sababu kila nikifungua mdomo Kiingereza changu kilichekesha watu.

Halafu nikachaguliwa kwenye kikundi cha kushangilia. Kila mwaka kabla ya Pasaka shule za mji zilikutana kwa riadha, na kila shule ilikuja na kikundi chake. Tuliimba, tulicheza, tulipiga miguu chini, na mwisho tulijenga mnara. Wetu haukuwa mkubwa. Wasichana wawili wenye nguvu walisimama wakitazamana, wakanishika nyayo, mmoja huku na mmoja huku, wakaninyanyua hadi usawa wa mabega. Kisha walihesabu kwa pamoja na kunisukuma juu ya vichwa vyao. Wa tatu alisimama nyuma. Kazi yake ilikuwa moja tu: nikianguka, anidake kichwa na mabega kabla sijafika chini. Tulimwita mdakaji. Watazamaji hawamtazami kamwe mdakaji, wanamtazama aliye juu. Hata mimi niliyekuwa juu sikuwa namwona.

Walionishika miguu walikuwa Nokuthula, kiongozi wetu, msichana mrefu mwenye sauti ya kuamsha uwanja mzima, na Kerisha. Mdakaji wangu alikuwa Lindiwe. Alhamisi ile Lindiwe hakuja shule, jino lilikuwa linamuuma. Uwanja wa nyasi ulikuwa unachorwa mistari ya riadha, tukahamia uwanja wa netiboli, ambao ni lami tupu. Mwalimu aliyetusimamia, Miss Govender, alifundisha jiografia. Alikabidhiwa sisi kwa kuwa alikuwa kijana na hakuna mwingine aliyetaka. Katikati ya mazoezi aliitwa kule kwa wachora mistari, akasema, "Endeleeni na nyimbo."

Tuliendelea na nyimbo. Halafu Nokuthula akasema, "Mnara mara moja tu, tuone kama wakati unatosha." Wote tulikubali. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake.

Nilipanda. Jua lilikuwa kali, mikono ilikuwa imelowa jasho. Waliponisukuma juu nilihisi mguu wa kushoto unateleza kwenye kiganja cha Kerisha kama sabuni. Sikupata muda wa kupiga kelele. Nilianguka kinyumenyume, nikafikia kisogo na mabega, na ndani ya kichwa changu nilisikia kitu kikilia kama karanga ikipasuliwa kwa meno.

Wenzangu walinishika makwapani wakanisimamisha. Nokuthula alikuwa ameshika mdomo. Kerisha akaniambia nigeuze kichwa kulia, nigeuze kushoto, nikageuza. "Uko sharp?" wakaniuliza, yaani kama niko salama. "Niko sharp," nikasema, na nikacheka, maana nyuso zao zilinichekesha. Miss Govender aliporudi alinitafutia barafu, akanikalisha kivulini. Kengele ya kutoka ilipolia nilibeba begi langu mwenyewe.

Leo nikifikiria jinsi walivyoninyanyua, na jinsi nilivyogeuza kile kichwa huku na huku, mikono yangu inakuwa baridi.

Nyumbani nilimwambia Mama nimeanguka. Mikono ya Mama ilikuwa na nguvu za kusuka kutwa nzima, na watu wa kanisani walimjia awachue migongo. Alinikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, akapasha mafuta.

"Ni mushipa tu, mama," aliniambia. "Ilijikunja. Legeza bega."

Akachua. Akashika kidevu changu, akakizungusha taratibu huku, kisha huku. Nililia machozi bila sauti. Naye akasema kulia ni vizuri, maumivu yanatoka.

Ijumaa nilienda shule nikiwa nimebeba kichwa kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa. Jumamosi sikuweza kulala chali wala ubavu, nikasinzia nimekaa. Jumapili tukaenda kanisani, kwenye ukumbi wa kukodi katikati ya mji, na kwa kuwa nilikuwa sauti ya kwanza, niliimba. Kwenye wimbo wa pili tulifika mahali pa kupandisha sauti. Nilipoinua kidevu, kitu kama umeme kilishuka kutoka shingoni hadi ncha za vidole vya mikono yote miwili. Kitabu cha nyimbo kikanidondoka. Nikainama kukiokota na vidole vikakataa kukishika.

Baada ya ibada walinizunguka. Mama Esther, aliyeongoza kundi la maombi, aliweka kiganja kisogoni kwangu na kusema ninyooshwe. Alikuwa anamjua mtu kutoka Uvira, mkazi wa mtaa wa Overport, aliyenyoosha shingo za watu kwa kuzivuta mara moja tu.

"Tumupeleke leo hii," Mama alisema.

Papa alikuwa amesimama kando, koti lake la kulindia magari mkononi, kwa sababu alikuwa anaenda kazini moja kwa moja. "Hapana," alisema. "Kesho hospitali."

"Kule batauliza karatasi, Papa Riziki. Na zetu unazijua."

"Baulize."

Walitazamana mbele ya watu wote. Sijui hata leo ni kitu gani kilimfanya Papa ashikilie. Hakuwa mtu wa kubishana na Mama, na hakuwa mtu wa kupenda ofisi. Nadhani alikiona kile kitabu kikidondoka.

Jumatatu tulipanda taksi, ile basi ndogo ya abiria wengi, hadi hospitali kubwa ya serikali. Kila breki kwenye robot, taa za barabarani, niliishika shingo kwa mikono miwili. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi marefu. Anayeitwa akiondoka, benchi zima lilisogea nafasi moja, matako yakiburuzwa kwenye mbao, na sisi tulikuwa mwisho. Kila kusogea kulikuwa kama kisu. Bibi mmoja Mzulu, mguu wake umefungwa bandeji hadi gotini, alinitazama mara mbili tatu, kisha akawaambia walio mbele yetu jambo ambalo sikulielewa lote. Watu wakainuka. Wakatupitisha mimi na Mama hadi mwanzo wa benchi, bila mtu kunung'unika, na wengine walikuwa wamefika kabla jua halijachomoza. Sikupata kulijua jina la yule gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Mama alitaka kumshukuru, akakosa lugha, akamshika mkono tu.

Mpiga picha za eksirei alikuwa kijana mchangamfu aliyeimba peke yake. Aliniweka huku, akaniweka kule, akaingia nyuma ya kioo chake. Halafu hakuimba tena. Alitoka polepole, na nilishangaa kwa sababu alitembea kama mtu anayemsogelea ndege asiruke. Akaweka viganja vyake pande mbili za kichwa changu.

"Usitikise kichwa," alisema. "Ukitaka kusema ndiyo, sema kwa mdomo. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Umekuja hapa kwa machela?"

"Kwa taksi."

 Akamwita mtu kwa sauti ya juu bila kuniachia, na watu wakaja wakikimbia.

Waliniweka mifuko ya mchanga kila upande wa uso. Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, na sitasahau kwamba aliinama juu yangu ili nimwone, kwa sababu nilikuwa siwezi kuona chochote isipokuwa dari. Aliniambia mfupa wa pili kutoka juu umepasuka na umesogea kidogo. Nyuma yake ndipo unapopita uti unaobeba nguvu za mikono, za miguu na za kupumua. Uti ulikuwa mzima bado. "Kuanzia sasa," alisema, "kazi yako ni kutofanya kitu."

Papa aliitwa kutoka kazini. Yeye ndiye aliyemtafsiria Mama. Nilisikia sauti yake kutoka mahali nisipopaona, ikienda vizuri, ikienda vizuri, kisha ikakatika. Halafu nikamsikia Mama akisema neno moja: "Nilimuzungusha."

Kwa wiki za kwanza walinilaza na koleo za chuma zilizoshikizwa kwenye fuvu, kamba ikipita kitandani hadi kwenye vizito vilivyoning'inia nyuma yangu. Sindano ya ganzi iliuma kuliko koleo zenyewe. Naambiwa siku hizi mambo yamebadilika, na kama wewe ndiye uliyelazwa sasa, huenda hutapitia hayo. Lakini kungojea hakujabadilika. Kila asubuhi daktari na kundi lake walikuja miguuni pangu, mahali nisipoweza kuwaona, na sauti ikasema, "Sogeza vidole vya miguu." Nilisogeza. Kisha palikuwa na kimya kifupi kabla hawajasema "Vizuri." Katika kile kimya niliishi maisha marefu. Sikuwa na njia ya kujua kama vidole vimesogea kweli ama nimedhani tu.

Asubuhi moja ya Machi, joto likiwa limetanda wodini kama blanketi, sauti iliniambia nifunge ngumi. Nikafunga. Kimya kikaja, kikakaa.

"Na ya kushoto," daktari alisema.

"Nimeifunga."

Hakuna aliyesema "Vizuri." Mtu alinishika mkono wa kushoto, akauinua mbele ya macho yangu, nikauona: ulikuwa wazi kama mkono wa mtu anayeomba.

Walibadilisha vizito. Walileta mashine ya picha kitandani. Muuguzi niliyemwita Sista Zodwa, mama mnene asiyependa mzaha, alikaa kando yangu wakati wake wa chakula, akapitisha ukucha wake kwenye kila kidole changu akiuliza, "Hapa? Na hapa?" Kutwa nzima hapakuwa na kitu. Papa alikuja, akapiga magoti ili mdomo wake uwe karibu na sikio langu, akaanza kunifundisha hesabu za kugawanya kama zamani Bukavu, kwa sababu, alisema, hatukuwa na kitu kingine cha kufanya. Kesho yake adhuhuri kidole gumba kilisikia ukucha. Nilipiga kelele hadi wagonjwa wengine wakaamka.

Baada ya hapo waliamua kunifunga pete: chuma kinachozunguka kichwa, kimeshikizwa kwenye fuvu kwa skrubu nne, kimeungwa kwa fito na fulana ngumu ya plastiki yenye manyoya ya kondoo ndani. Kichwa na kifua vinakuwa kitu kimoja. Ili skrubu ziingie ilibidi rasta zangu zitoke. Mama alikuwa amezisuka mwenyewe wiki ya kufungua shule.

"Mama yako ni msusi," Sista Zodwa alisema. "Anaweza kuzifumua taratibu. Nitakishikilia kichwa."

Papa akatafsiri. Mama alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono akaificha nyuma ya kitenge.

"Hapana," alisema. "Mimi sigusi tena."

Basi zikakatwa kwa mkasi. Nilizisikia zikianguka moja moja.

Hilo ndilo lililoniuma katika ugonjwa wangu kuliko koleo. Mama alikuja kila siku baada ya saluni, akaleta uji, akaleta ndizi, akakaa. Lakini hakunigusa. Alimpa Faida kijiko anilishe. Alimpa Papa kitambaa anifute. Na kati yake na Papa kulikuwa na maneno waliyoyasema chini chini, wakidhani mtu asiyeweza kugeuka hasikii. Papa alitaka kwenda shuleni kuuliza ilikuwaje. Mama alisema wageni hawaendi kuuliza, wageni wanashukuru wakiachwa wakae.

"Wewe unaogopa shule," Papa alisema, "kwa sababu unataka kosa libaki lako peke yako."

Mama aliondoka bila kuaga.

Papa alienda. Mkuu wa shule alimpokea vizuri, akamwambia ilikuwa ajali ya kusikitisha. Papa alinisimulia baadaye. Alimwuliza swali moja tu: "Nani alisimama nyuma yake?" Mkuu hakujua kwamba mtu alitakiwa kusimama nyuma. Aliitwa Miss Govender, naye akalia, akasema hakuna. Hakuwa amefundishwa na yeyote namna ya kuwainua watoto. Alikuwa akikisia.

Pasaka ilinikuta nimerudi Umbilo. Kupanda ngazi za fleti nikiwa siwezi kutazama miguu yangu kulichukua muda kama safari. Nililala nimeegemea mito. Sikuweza kutafuna kitu kigumu bila skrubu kugongagonga mifupa. Ndani ya fulana jasho lilinichoma, ngozi ikatoka vipele nisivyoweza kuvikuna, na Faida akabuni kupitisha kitambaa kilicholowa kwa mpini wa mwiko. Kwenye barabara ya Umbilo watu walisimama kunitazama. Watoto walikimbia. Dereva mmoja wa taksi alinipa kiti cha mbele na kuendesha polepole, abiria wakafoka, akawajibu kwamba mwenye haraka ashuke.

Skrubu zilitakiwa kuoshwa mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Sista Zodwa alimfundisha Papa. Lakini zamu ya Papa ilibadilishwa, na asubuhi moja tukajikuta mimi na Mama na bakuli la maji. Skrubu moja ya mbele ilikuwa imeanza kutoa majimaji ya njano. Mama aliyaona. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Mama," nilisema, "ikioza wataitoa, waweke nyingine mahali pengine."

Alikaribia. Nilimwona kwa pembe ya jicho akitia pamba kwenye maji, akaikamua, akaishika juu yangu bila kuishusha hadi maji yakanidondokea usoni. Akaiweka chini. Akanawa upya. Mara ya pili aligusa. Alisafisha ile skrubu kama mtu anayemtoa mtoto tongo, kisha ya pili, kisha zote, na alipomaliza aliweka kiganja chake juu ya kipara changu, pale nywele zilipoanza kuota, akakiacha hapo.

"Mikono yangu ilitaka kukusaidia," alisema.

"Najua."

Akaenda kumwaga maji. Kuanzia siku hiyo Papa alinyang'anywa ile kazi.

Mwenzangu unayeuguza, nakuomba jambo moja: usimwache aliyekosea kwa upendo akae mlangoni. Mwite. Mpe bakuli.

Kwa muda mrefu Nokuthula hakuja hospitali wala nyumbani. Kerisha alikuja, Lindiwe alikuja analia, kana kwamba jino lake ndilo lililonivunja. Nokuthula alikuja mwezi wa tano, amevaa sare, akasimama katikati ya chumba chetu. Alizitazama skrubu zote nne, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejiadhibu.

"Eish, Riziki," alisema. "Wanataka kufuta kikundi. Kuna mkutano wa wazazi. Nimekuja kukuambia kwamba mimi nakubali kifutwe."

Papa naye alitaka kifutwe. Alisema ndicho atakachosema kwenye mkutano, kwa Kiingereza chake chote.

Juni, baridi ya Durban ile isiyo baridi kweli, tulienda. Ukumbi ulijaa. Niliketi mbele, na watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza safu kwa safu nilipopita. Mkuu alisema shule imeamua, kwa usalama wa watoto, kupiga marufuku minara yote. Papa akaitika kwa kichwa. Wasichana wa kikundi walikuwa wamekaa nyuma. Ndipo nikawageukia, yaani nikageuza mwili wote kwa sababu ndivyo nilivyogeuka siku zile, na nikamwona msichana mdogo wa darasa la chini akimnong'oneza mwenzake. Nilijua anachosema. Ningekisema mimi. Alikuwa anasema: tutafanya nyuma ya vyoo.

Nikaomba kusimama. Kiingereza changu kilikuwa bado kinachekesha, lakini hakuna aliyecheka.

"Mkituzuia tutajenga mahali msipotuona," nilisema. "Na huko pia hakutakuwa na mtu nyuma. Mimi sikuanguka kwa sababu tulijenga mnara. Niliumia kwa sababu tulijenga juu ya lami, mdakaji hayupo, mwalimu hayupo, na hakuna aliyejua kwamba mtu akianguka kwa kichwa hasimamishwi."

"Vraiment, Riziki?" Papa aliniuliza kwa sauti kama ni kweli, akichanganya Kifaransa na lugha yetu, mbele ya wote. "Na hicho chuma kichwani?"

"Ndiyo, Papa. Na hiki chuma."

Hakunisemesha njiani. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi shuleni, akakaa na Miss Govender na Nokuthula. Mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka shule nyingine alikuja kuwafundisha. Nawapa hapa yale waliyokubaliana, kwa sababu huenda pale kwenu hayapo. Hakuna anayeinuliwa bila mdakaji nyuma, na mwalimu awe anatazama kwa macho yake. Mmoja asipokuja, mnara haujengwi, hata kama mashindano ni kesho. Mazoezi ni juu ya magodoro, au nyasi kavu ikibidi, lami kamwe. Anayeinuliwa ajifunze kwanza kushuka. Mtu juu ya mtu aliye juu, hapana. Yeyote kati yao, hata aliye mdogo, akisema "Shuka," wanashuka, na hakuna anayemwuliza kwa nini mpaka miguu yote iko chini. Na anayeanguka kwa kichwa au shingo anaachwa alivyo. Asisimamishwe, asigeuzwe, asichuliwe. Mmoja anamzuia kichwa kisitikisike, mwingine anaita ambulensi. Hata akicheka. Hata akisema yuko sharp.

Pete ilitolewa mwishoni mwa Juni. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kuliko Krismasi, na ilipofika nilimshika daktari mkono asiitoe. Skrubu zililegezwa na kichwa changu kikawa kizito kama jiwe juu ya uzi. Shingo ilikuwa imekonda kama ya mtoto mchanga. Nilivaa kola hadi Septemba. Mkono wa kushoto ulirudi karibu wote. Kidole cha mwisho bado ni kizembe siku za mvua. Kwenye paji la uso nina alama mbili, na watu wanaoniuliza nawaambia ukweli.

Kikundini sikurudi kucheza. Mwaka uliofuata aliyechaguliwa kuinuliwa alikuwa Faida.

Nyumbani kulikuwa na vita. Mama alisema hapana, akasema hapana tena, akaacha kula pamoja nasi. Mwisho Papa akamwambia, "Njoo uone mazoezi." Alikwenda, akarudi, hakusema ndiyo, akaacha tu kusema hapana.

Siku ya riadha mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Magodoro ya shule yetu yalilowa garini, ikabidi kikundi kitegemee nyasi, iliyoonekana imekauka. Tulikaa jukwaani, Mama katikati yetu, mkoba amekumbatia. Shule mbili zilizotangulia zilijenga minara yao hivyo hivyo, bila magodoro, mmoja wa ghorofa tatu, na jukwaa likanguruma. Kila aliyekuwa juu alishuka salama. Nilihisi kila mshuko kwenye mifupa yangu.

Kisha wakaja wetu. Nyimbo zilikwenda vizuri, sauti ya Nokuthula ikapasua uwanja. Watu wakaanza kupiga miguu kwenye mbao, wanadai mnara. Nokuthula na Kerisha wakachuchumaa. Lindiwe akasimama nyuma. Miss Govender alikuwa hatua mbili kutoka kwao. Faida akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, wakamwinua hadi usawa wa mabega. Mama aliacha kupumua, nilimsikia akiacha. Nikaona kiatu cha Kerisha kikisogea kwenye nyasi iliyolowa, kidogo tu, upana wa kidole.

"Shuka!"

Ilikuwa sauti ya Lindiwe. Faida alishuka kifuani pa Lindiwe kama walivyofundishwa, akasimama kwenye nyasi. Nokuthula hakumwuliza mtu kitu. Aliinua mikono, akaanza wimbo upya, na wote wakacheza miguu ikiwa chini.

Uwanja ulizomea. Upande wa pili walipiga mbinja, mtu akatupa chupa ya plastiki. Nilimwona Faida akitazama juu kututafuta.

Mama alisimama. Mkoba ulianguka, asiuokote. Akiwa peke yake kati ya watu waliokuwa wakizomea, akatupa kichwa nyuma, akapiga vigelegele vile vya harusi, virefu, hadi pumzi ikaisha, akavuta nyingine, akapiga tena. Wanawake wa Kizulu wa safu ya mbele wakageuka kumtazama. Hawakujua anashangilia nini. Wakainuka, wakampokea vigelegele.